Spika ndogo za mezani: sita zinazopendeza, zikiwekwa bega kwa bega

Spika ya kompyuta husikilizwa kutoka umbali wa mkono mmoja. Masikio yapo sentimita 60 hadi 80 kutoka kwenye koni, uso wa meza umelala katikati na kurudisha sauti, ukuta uko nyuma tu ya skrini, na kitu chenyewe kinakaa mbele ya macho kutwa nzima. Spika inayosifiwa sebuleni inaweza kuboronga kabisa hapo, na kispika ambacho kwenye rafu kilionekana si lolote kikaimba vizuri.

Hapa tunalinganisha sita: Creative Pebble V3, Audioengine A2+, Kanto ORA, Edifier MR4, iLoud Micro Monitor ya IK Multimedia na Genelec 8010A. Zote zinastahili kukaa mezani kwa sura zake, na kila moja inajibu hitaji tofauti. Hata kama unatazama chapa nyingine, utaona mara moja inafanana na ipi kati ya hizi.

Msimamo wetu tunausema mapema: anza na meza, spika zifuate. Pima nafasi iliyobaki kila upande wa skrini. Pima kina kutoka ukingo wa meza hadi ukutani. Angalia kompyuta yako ina matundu gani ya sauti. Vipimo hivyo vitatu vitafuta nusu ya orodha kabla hujaanza kubishana kuhusu wati.

Namba za kwenye boksi

Wati huandikwa kwa herufi kubwa, na mezani ndizo zenye maana ndogo kuliko zote. Ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huigundua lakini haliishangai. Ili sauti isikike kama imekuwa kubwa mara mbili unahitaji takriban desibeli 10, yaani wati mara kumi. Wakati huohuo, kusogea kutoka mita 1.4 hadi sentimita 70 kunakupa desibeli 6 bila gharama, sawa na kuzidisha wati mara nne. Ndiyo maana wati 15 kila upande zinamtosha na kumbakia mtu aliyeketi mbele ya skrini yake.

Ukilazimika kulinganisha wati, linganisha za aina moja. Wati za kudumu, zinazoandikwa RMS, ziwekwe na za kudumu. A2+ ni wati 60 kwa kilele na 30 za kudumu. ORA ni 100 na 50. Ukikuta boksi limeandikwa PMPO (kilele cha kutangazia tu) peke yake, chukulia kwamba hakuna namba iliyoandikwa.

Spika inayokula umeme wa USB ina dari ambayo tangazo haliwezi kuipandisha. Tundu la USB 2.0 hutoa wati 2.5, la USB 3.0 hutoa wati 4.5, na la USB-C hufika wati 15 pale tu kompyuta inapokubali kutoa ampea 3. Spika ya USB inayojinadi kwa wati 20 kwenye tundu la kawaida inahesabu vilele vya kufumba na kufumbua.

Masafa, yaani kutoka sauti nzito hadi nyembamba ambazo spika inazitoa, zikipimwa kwa Hz, ni namba yenye manufaa zaidi, mradi uisome pamoja na desibeli (dB) zinazoifuata. "65 Hz" yenye ±2 dB maana yake spika bado ina nguvu zake hapo. "45 Hz" yenye −10 dB maana yake noti ipo lakini imefifia sana. iLoud ni mfano mzuri kwa sababu mtengenezaji anatoa zote mbili: 55 Hz kwa −3 dB, na 45 Hz kwa −10 dB. Masafa yakiandikwa bila desibeli yoyote, yapunguzie imani.

Namba hizi zinasikikaje? Waya mnene wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutoa 41 Hz. Hakuna hata moja kati ya hizi sita inayoutoa mpigo huo kwa nguvu. Lakini hutaikosa noti yenyewe, kwa kuwa waya huohuo hutoa pia 82 Hz na 123 Hz, na ubongo hujaza msingi uliopotea. Unachokosa ni ule msukumo unaogusa kifua. Sauti ya mwanamume anayezungumza huanzia karibu 85 Hz, kwa hiyo kwa A2+ na wenzake mazungumzo yanakamilika. Pebble, inayoanzia 100 Hz, huzipunguzia uzito sauti nzito. Katika jedwali, twita ni kispika kidogo cha sauti nyembamba, na TRS, RCA na XLR ni aina za plagi za sauti.

| Spika | Koni (kila upande) | Wati za kudumu (jozi) | Masafa ya mtengenezaji | Matundu ya kuingizia sauti |
|---|---|---|---|---|
| Pebble V3 | inchi 2.25, haina twita | 8 | 100 Hz–17 kHz | USB, jeki ya 3.5 mm, bluetooth |
| A2+ | inchi 2.75 na twita 0.75 | 30 | 65 Hz–22 kHz | USB, RCA, jeki ya 3.5 mm, bluetooth |
| ORA | inchi 3 na twita 0.75 | 50 | 70 Hz–22 kHz | USB-C, RCA, bluetooth |
| iLoud Micro Monitor | inchi 3 na twita 0.75 | 50 | 55 Hz–20 kHz | RCA, jeki ya 3.5 mm, bluetooth |
| MR4 | inchi 4 na twita 1 | 42 | 60 Hz–20 kHz | TRS, RCA, jeki ya 3.5 mm |
| 8010A | inchi 3 na twita 0.75 | 100 | 67 Hz–25 kHz (−6 dB) | XLR pekee |

Soma safu ya koni kwa makini kuliko safu ya wati. Eneo la koni hukua kwa mraba wa kipenyo chake: kutoka inchi 3 hadi 4 unaongeza karibu asilimia 78 ya eneo linalosukuma hewa. Na kila ukishuka oktavu moja, yaani Hz zikipungua nusu, koni inapaswa kusukuma hewa mara nne zaidi ili sauti ibaki na ukubwa uleule. Spika ndogo ikilazimishwa kutoa besi kubwa, koni hufika mwisho wa safari yake na kutoa mlio mkavu wa "tak". Huo ni mlio wa koili, waya unaoisukuma koni, kugonga. Ukiusikia, punguza mara moja.

Pebble V3: kazi za ofisini, video na meza finyu

Hii ni tufe la plastiki lenye uso uliokatwa na kuelekezwa juu kwa nyuzi 45. Pembe hiyo si pambo. Spika inayokaa chini kabisa mezani kwa kawaida humpigia mtu kifuani. Hii inampigia usoni, na kwa kispika kisicho na twita hilo ndilo linalookoa uwazi wa maneno. Waya mmoja wa USB hubeba umeme na sauti pamoja, na nyuma ya kila tufe kuna diski isiyo na koili inayosukumwa na hewa ya ndani kusaidia besi.

Matatizo yake yanajulikana. Ina swichi ya nguvu zaidi, inayohitaji tundu la USB-C lenye uwezo wa wati 10. Ukiiwasha ukiwa umechomeka kwenye tundu la zamani, besi nzito ikija sauti hukwaruza au spika hujizima na kujiwasha. Dawa ni kurudisha swichi au kuchomeka kwenye tundu lenye nguvu, na usipitie kitovu cha USB kisicho na umeme wake. Waya unaounganisha tufe mbili umejengewa humo, haubadilishwi, kwa hiyo mwenye skrini pana sana apime kwanza.

Tunaipendekeza bila kusita kwa mikutano, masomo na muziki wa chinichini. Usiitegemee kujaza chumba.

A2+ na ORA: hapa ndipo wengi hukwama

Hizi mbili zinafanana kiasi kwamba mtu huchagua kwa rangi. Zote ni visanduku vyenye upana wa takriban sentimita 10 vilivyopakwa rangi safi, zote zina USB yenye kigeuzi cha sauti ndani, bluetooth, tundu la kupeleka sauti kwenye sabufa (spika ya pekee ya besi nzito), na adapta ya umeme ya nje inayofichwa chini ya meza. Tofauti zipo, ila zimejificha mahali ambapo picha hazionyeshi.

Ya kwanza ni kitufe cha sauti. Cha A2+ kiko nyuma ya spika ya kushoto. Sura ya mbele inabaki safi kabisa, na hilo linapendeza, lakini kila unapotaka kupunguza unapapasa nyuma ya sanduku. Ufumbuzi upo: weka kitufe kwenye kiwango kikubwa kuliko vyote utakachowahi kukihitaji, kisha endesha sauti kwa vitufe vya kibodi. ORA ina kitufe mbele. Anayepokea simu mara kwa mara atashukuru kuwa nacho.

Ya pili ni namna amplifaya zilivyogawanywa. Katika A2+ amplifaya inaendesha kila upande, na krosova ndani ya sanduku ndiyo inayogawa besi na twita. Katika ORA kila koni na kila twita ina amplifaya yake, na mgawanyo hufanyika kabla ya amplifaya. Kwa sikio, ORA hubaki nadhifu zaidi muziki ukiwa umejaa vyombo vingi, na juu kuna mwanga zaidi. A2+ ni nene kidogo kuanzia besi ya juu hadi sauti ya mwimbaji, jambo linalopendeza kwa kusikiliza taratibu lakini linageuka uvimbe ukiibandika ukutani.

Ya tatu ni sabufa. ORA ikiunganishwa na sabufa huzikata besi nzito zisiingie kwenye koni zake ndogo, nazo zinapumua. Tundu la A2+ hutoa sauti nzima, na krosova unaiweka kwenye sabufa yenyewe. Anza na 80 Hz, panda hadi 100 Hz kama kuna pengo. Ikiwa una uhakika kwamba sabufa itakuja baadaye, ORA ndiyo njia nyepesi. Ikiwa hutaki sabufa kabisa na unasikiliza usiku kwa sauti ndogo, tunaipa A2+.

Waya wa kuunganisha pande mbili za A2+ ni waya wa kawaida wa spika, unaobadilishika kwa urefu wowote. Hilo huonekana dogo mpaka siku utakapoongeza skrini ya pili.

iLoud Micro Monitor na 8010A: kwa anayetaka kusikia ukweli

Anayehariri video, anayerekodi podikasti au anayechanganya muziki hahitaji spika ya kumfurahisha. Anahitaji spika isiyomficha makosa. Hapa ushindani ni wa wawili, na maumbile yao hayafanani kabisa.

iLoud ni sanduku la plastiki lenye kimo cha sentimita 18 na upana wa 9. Jozi nzima haifiki kilo 2. Chipu iliyo ndani hugawa na kusawazisha sauti kabla ya kuzifikia amplifaya nne, na ndiyo siri ya besi inayofika 55 Hz kutoka kwenye koni ya inchi 3. Nyuma kuna swichi ya "desk", inayopunguza uvimbe wa besi unaoletwa na meza, na chini kuna mguu unaokunjuka kuinamisha spika kwa nyuma. Vitu hivyo viwili vinaonyesha kwamba aliyeisanifu aliifikiria meza tangu mwanzo. Lakini haina USB, kitufe cha sauti kiko nyuma, na waya unaounganisha pande mbili ni wa aina yake pekee. Ukipotea, hutaubadilisha kwa waya wowote wa spika. Ukiisukuma sana, chipu huikandamiza besi ili kuilinda koni: sauti haipasuki, ila ngoma hupoteza kishindo.

8010A ni ya alumini iliyomiminwa kwenye kalibu, umbo la yai lisilo na kona kali, linalotengenezwa Iisalmi, Finland. Kingo zile za mviringo zina kazi: sauti haikutani na kona za kuivunja na kuitawanya. Inasimama juu ya kitako cha mpira kinachozuia mtetemo kuingia mezani na kinachoiruhusu kuinamishwa. Nyuma kuna swichi ndogo za kupunguza besi kulingana na mahali ilipo. Kwa macho yetu ndiyo nzuri kuliko zote sita, na itaendelea kuwa nzuri miaka mingi ijayo.

Gharama yake haiishii kwenye bei. Inauzwa mojamoja, kila moja inahitaji waya wake wa umeme, haina kitufe cha sauti, na inapokea XLR tu. Kwa hiyo unahitaji kifaa cha kati: kadi ya sauti ya nje yenye matundu ya TRS au XLR na kitufe kikubwa cha mbele. Hesabu kifaa hicho na nyaya mbili ndani ya bajeti. Jambo jingine ni kwamba hulala yenyewe ikikosa sauti kwa muda, na huchukua sekunde kadhaa kuamka. Ukipoteza mwanzo wa kila ujumbe wa sauti, zima tabia hiyo kwa swichi iliyo nyuma.

Mwenye meza moja ya kazi na burudani atapata zaidi kutoka kwa iLoud kwa kila shilingi aliyotoa. Mwenye kadi ya sauti tayari achukue Genelec.

MR4: besi zaidi, nafasi zaidi

Edifier MR4 ni sanduku halisi la mbao za MDF, upana wa takriban sentimita 14 na kimo cha karibu 23. Koni yake ya inchi 4 husukuma hewa ambayo hizo nyingine haziwezi, na haijifichi: muziki una mwili hata kwa sauti ndogo. Mbele kuna jeki ya vipokea sauti vya kichwani na kitufe kinachobonyezwa kubadili kati ya hali ya studio na hali ya muziki. Amplifaya na umeme viko ndani ya sanduku moja, hakuna adapta ya kuning'inia, na upande wa pili huunganishwa kwa waya wa kawaida.

Haina USB wala bluetooth, kwa hiyo ubora wake unategemea jeki ya kompyuta yako. Jeki ya kompyuta ikiwa na kelele, MR4 itakuonyesha kelele hiyo kwa uaminifu. Pia kina chake cha karibu sentimita 20, pamoja na nafasi ya nyaya nyuma, hakifai meza ya sentimita 50. Utaishia kuigeuza pembeni au kuiweka nyuma ya skrini, na spika iliyofichwa nyuma ya skrini ni hela iliyopotea.

Kwa bajeti kubwa zaidi na nafasi ya aina hii, itazame pia KEF LSX II. Twita yake imekaa katikati ya koni ya inchi 4.5. Kwa umbali wa sentimita 60 hilo lina maana kubwa, kwani twita na koni zikitengana sana sikio lililo karibu huzisikia kama vitu viwili.

Namna ya kuunganisha huamua kelele

Jeki ya 3.5 mm ndiyo inayofanya kazi kila mahali na ndiyo inayoleta malalamiko mengi. Kelele zake ni mbili. Kuna mvumo mzito usiobadilika, unaotokana na kompyuta na spika kukutana ardhini kwa njia mbili za umeme tofauti. Na kuna mluzi mwembamba unaobadilika ukisogeza kipanya au mchezo ukifunguka, unaotoka kwenye saketi za kompyuta zenyewe.

Tafuta chanzo kwa mpangilio. Chomoa waya wa sauti upande wa kompyuta: kelele ikikoma, inatoka kwenye kompyuta. Kama ni kompyuta mpakato, chomoa chaja: kelele ikikoma, tatizo ni njia ya umeme. Kisha chomeka kompyuta, skrini na spika kwenye ekstensheni moja. Ikiendelea, acha jeki na utumie USB ya spika, au kadi ya sauti ya nje yenye waya wa TRS kwa spika kama MR4. Kitenganishi kidogo chenye transfoma kinachochomekwa katikati ya waya wa 3.5 mm nacho huondoa mvumo, ila vya hali ya chini hukonda besi. Usikate wala kuziba pini ya ardhi ya plagi, hata kama mvumo utakoma. Pini hiyo ipo kukulinda usipigwe na umeme.

Kuna sauti ya tatu, "shhh" nyepesi ya twita hata kama hakuna kinachochezwa. Hiyo ni ya amplifaya yenyewe, na spika za namna ya studio huwa nayo zaidi. Mita mbili mbali huisikii. Sentimita 60, chumba kikiwa kimya, unaweza kuisikia. Wenye chumba tulivu na wanaofanya kazi usiku waizingatie kabla ya kununua.

Bluetooth ni ya simu. Kwa kompyuta, ucheleweshaji wake wa mamia ya milisekunde huonekana kwenye michezo: risasi inatoka, mlio unafuata. Programu nyingi za video husawazisha midomo na sauti zenyewe, michezo haifanyi hivyo.

Mahali pa kuziweka

Jozi ya bei ndogo iliyowekwa vizuri huishinda ya bei kubwa iliyotupwa mezani. Hili tunalisema kwa uhakika wote.

Pima umbali kutoka spika hadi spika, twita kwa twita, na uufanye sawa na umbali kutoka kila twita hadi kichwani. Ukikaa sentimita 70 mbali, zitengane sentimita 70. Zigeuze kidogo kwa ndani zikutazame. Ukifumba macho na kucheza sauti ya mtu mmoja anayezungumza, inapaswa kutokea katikati ya skrini. Ikivutwa upande, upande huo uko karibu zaidi au umeelekezwa zaidi.

Kisha kimo. Mtu aliyeketi ana masikio takriban sentimita 40 juu ya meza. Twita ya spika yenye kimo kama cha iLoud ikisimama mezani iko karibu sentimita 15. Kwa umbali wa sentimita 70, sauti ya moja kwa moja husafiri sentimita 74, na ile inayogonga meza kwanza husafiri 89. Tofauti hiyo ya sentimita 15 inatosha kuzifanya zifutane karibu na 1,200 Hz, katikati kabisa ya masafa yanayobeba maneno. Ndiyo sababu watu husema spika zao zinasikika "kama za kwenye boksi" ilhali hazina kasoro.

Kuna tiba mbili. Ya kwanza ni kuinamisha spika kwa nyuma nyuzi 20 hivi, ili mhimili wake uelekee masikioni. Sauti inayogonga meza sasa inatoka pembeni mwa twita na imeshafifia. Ya pili ni kuiinua sentimita 15 hadi 20. Sauti ya meza husafiri mbali zaidi na kurudi dhaifu. Stendi ndogo za chuma au vipande vya sponji ngumu hufanya kazi, kitabu kinene pia. Ukiinua hadi twita ifike masikioni, huna haja ya kuinamisha.

Ukuta nao huongeza besi, hadi desibeli 6 kwa spika iliyobanwa nao, zaidi tena kwenye kona. Achia angalau sentimita 10 nyuma, na 15 kama tundu la hewa liko nyuma ya sanduku. Tundu la nyuma likizibwa na pazia au ukuta, besi huwa kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Meza isiyo na nafasi hiyo ichague spika yenye tundu la mbele, kama A2+ na iLoud, au itumie swichi ya kupunguza besi. Kushoto na kulia ziwe na mazingira yanayofanana: moja ikiwa kwenye kona na nyingine hewani, hakuna kitufe kitakachozisawazisha.

Sura inayodumu

Uzuri wa picha za matangazo hutokana na kukosa nyaya. Hesabu nyaya kabla ya kupenda umbo: Pebble ina wa kompyuta na wa kati, A2+ na ORA zina wa umeme, wa USB na wa kati, 8010A ina wa umeme na wa XLR kwa kila moja, na kifaa cha kati juu yake. Rangi nyeupe isiyong'aa huficha vumbi, nyeusi inayong'aa huonyesha kila alama ya kidole. Koni zisizo na kitambaa mbele hupendeza lakini twita ya hariri ikibonyezwa na kidole cha mtoto hubaki na shimo. Penye watoto au paka, chagua spika yenye wavu. Taa ya kuonyesha kuwa imewaka nayo itazame: nyepesi mchana, inakera gizani.

Jioni ya kwanza

Fanya majaribio wakati bado unaweza kurudisha. Cheza sauti ya kushoto peke yake, kisha ya kulia, uhakikishe hazijabadilishana. Kwa spika zenye waya wa kawaida, kama A2+ na MR4, cheza wimbo wenye besi na ugeuze waya wa upande mmoja, chanya iwe hasi, spika zikiwa zimezimwa. Mpangilio wa waya wenye besi nyingi na sauti iliyokaa katikati ndio sahihi. Ukiona besi imepotea na mwimbaji hana mahali, waya ulikuwa umegeuka.

Weka sauti ya kompyuta kati ya asilimia 80 na 100 na upunguze kwenye spika. Ukifanya kinyume, kompyuta chini na spika juu, unakuza kelele ya jeki pamoja na muziki. Mwisho, acha spika zikiwa zimewashwa bila kucheza kitu, keti mahali pako pa kawaida na usikilize kwa dakika tano. Kama "shhh" inakusumbua leo, rudisha jozi hiyo kabla muda haujaisha.